Mume wangu anataka mama yake awe yaya wetu melini

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa na mtu wa Mombasa, na huu ni mwaka wa tisa tunaishi Houston. Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu, mimi ni msaidizi wa wauguzi, zamu za usiku. Tuna watoto watatu. Mkubwa wa kiume ana miaka 10, wa kati wa kike ana miaka 4, na kitinda mimba ana miezi 18, atatimiza miaka miwili mwisho wa Oktoba. Tangu tuhamie huku hatujapumzika sote kwa pamoja hata wiki moja. Likizo zetu ni za kupokezana: mmoja kazini, mwenzake nyumbani na watoto.

Mwaka huu mume wangu amepata bonasi na ameshikilia twende safari ya meli ya kitalii kutoka bandari ya Galveston, siku saba, mwezi wa Agosti kabla skuli hazijafunguliwa. Wenzake kazini wamemwambia melini kuna klabu za watoto za bure, unawapeleka asubuhi unawachukua usiku, mke na mume mnakaa kama maharusi. Basi kila siku ananionyesha kwenye simu picha za mitelezo ya maji na vyumba vya michezo.

Nimekaa siku nne nikilinganisha makampuni ya meli. Disney, Royal Caribbean, Carnival, na sasa MSC nao wanaondokea Galveston. Huyu anachukua watoto kuanzia miaka mitatu, yule miwili, mwingine miezi sita lakini kwa kulipia. Binti yangu mchana ameshaacha nepi, usiku bado. Mdogo ni nepi saa zote. Mkubwa ni mpole, hajui kujitetea. Nimebaki pale pale nilipoanza.

Na lililo moyoni, Shangazi, ni kwamba naogopa meli. Septemba 2011, ilipozama ile meli ya kwenda Pemba upande wa Nungwi, mtaani kwetu palikuwa na matanga nyumba kwa nyumba. Tangu siku ile hata boti ya Dar napanda kwa kusoma dua mwanzo hadi mwisho. Nikiwaza mimi niko sitaha moja na wanangu sitaha nyingine na watu nisiowajua, halafu kengele ikalia, usingizi unanipaa.

Mama mkwe wangu anakuja mwisho wa Juni, atakaa hadi Desemba. Mume wangu anasema tumlipie naye nauli, awe anabaki chumbani na mdogo kila jioni sisi tukienda kula na kutazama maonyesho. Nilipoguna akacheka: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Naona haya kumfanya mama mkwe yaya, lakini nikikataa ataona simtaki mama yake. Na kina mama wenzangu wa madrasa walipopata habari za klabu wameuliza ni mama gani anayeacha mtoto kwa wageni katikati ya bahari.

Tuchague kampuni gani? Na mume wangu nimwambieje?

Mama wa Watatu, Houston

*

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Ziache kwanza picha za mitelezo. Umelinganisha makampuni kwa siku nne na hujafika kwa sababu umeanzia kwenye meli, wakati ulipaswa kuanzia kwa yule mtoto wa miezi 18. Wakubwa wake watapokewa karibu kila mahali. Yeye ndiye atakayeamua kama wewe na mumeo mtapata hata jioni moja ya kukaa mezani mkatazamana.

Makampuni mengi yanaanzia miaka mitatu, na mtoto awe ameacha nepi kabisa. Kubadilisha nepi melini kuna masharti yake. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinakagua usafi wa meli zinazotia nanga bandari za Marekani, na vyumba vya watoto vimo kwenye ukaguzi huo: lazima pawe na meza maalumu ya kubadilishia, sinki la kunawa karibu yake, na utaratibu wa kusafisha. Klabu isiyotaka mzigo huo huwakataa wenye nepi, basi. Ukaguzi huo hutoa alama kati ya 100, 85 kushuka chini ni kufeli, na matokeo ya kila meli huwekwa hadharani. Kabla ya kulipa chochote tafuta jina la meli yenu humo.

Sasa wa kwako. Royal Caribbean klabu yao huanzia miaka mitatu, bila nepi wala zile nepi za kuvaliwa kama chupi za kujifunzia choo. Kwa wachanga wa miezi 6 hadi 36 wana nasari katika meli zao nyingi kubwa, ila ni ya kulipia kwa saa na nafasi ni chache. Disney ni hivyo hivyo, nasari ya kulipia tangu miezi sita mpaka kabla ya miaka mitatu, na sifa zao kwa watoto wadogo wanazistahili, lakini nauli yao mara nyingi ni ghali kwa mbali kuliko wengine, tena huja Galveston kwa misimu tu. Kwa Agosti usiwategemee. MSC wana chumba cha walio chini ya miaka mitatu, lakini saa za kumwacha mtoto ukaondoka ni chache. Zilizobaki unakaa naye mwenyewe.

Carnival wao huchukua watoto tangu miaka miwili, bure, na wahudumu wanabadilisha nepi. Unapeleka nepi na vitambaa vyako kwenye mkoba, wao wanafanya kazi. Sharti ni awe ametimiza miaka miwili siku ya safari.

Hapo ndipo nataka umshike mumeo mkono. Mwanao anatimiza miaka miwili mwisho wa Oktoba. Agosti atakuwa na miezi 21, na kila saa ya mapumziko yenu itakuwa ya kulipia au ya kubembeleza nafasi. Mkingoja mpaka wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya Marekani ya kutoa shukrani, mwisho wa Novemba, ambapo skuli nyingi za Houston hufungwa wiki nzima, mtoto huyo huyo anaingia klabu pamoja na dada yake, chumba kimoja, kwani kundi lao la wadogo ni la miaka miwili hadi mitano. Anamwona dada yake, dada anamwona yeye. Mtoto wa umri huo aliyezoea harufu ya mama hatulizwi na kitu kingine upesi kama hicho.

Isitoshe, msimu wa vimbunga wa Atlantiki na Ghuba ya Meksiko huanza Juni 1 ukaisha Novemba 30, na Agosti na Septemba ndiyo kilele chake. Meli hukikwepa kimbunga, wana vyombo vya kukiona mapema, lakini kukikwepa ni kubadilisha bandari na kupita kwenye mawimbi. Kwa mtu mwenye hofu yako, safari ya kwanza isiwe Agosti. Isiwe siku saba pia. Galveston kuna safari za siku nne au tano, kwenda Cozumel au Progreso, Meksiko, na kurudi. Mkipenda, mwakani mtakwenda saba.

Sitakuficha, wiki ya Thanksgiving ina bei yake na watoto ni wengi. Kwa hiyo siku ya kupanda meli, kabla ya kutafuta chakula, nenda klabu ukawaandikishe. Mchana huo huwa wanafungua milango wazazi waingie, watazame, waulize. Wengi huenda kwanza kwenye bwawa, halafu siku inayofuata, meli ikiwa baharini kutwa, ndipo wanapanga foleni.

Ukifika pale usitazame rangi za ukuta. Tazama mlango. Wangapi wanaingia na kutoka? Anayemchukua mtoto anaulizwa nini? Klabu nzuri ina majina ya watu walioruhusiwa, picha zao au neno la siri, na hata baba mzazi akija hajaandikwa harudishiwi mtoto. Uliza wahudumu wangapi kwa watoto wangapi chumba kikijaa, maana asubuhi kikiwa kitupu kila mtu anatosha. Uliza chakula. Vyakula vya klabuni ni vile vya kuvutia watoto, pizza, chipsi, soseji, na soseji hiyo sharti ujue ni ya nini. Kwenye fomu andika waziwazi kwamba watoto hawali nguruwe, na ombi la chakula cha halali kwa familia nzima lipelekwe wakati wa kukata tiketi, si siku ya kupanda.

Binti yako wa miaka minne hatakuwa na tabu mchana. Usiku ndiyo shida. Royal Caribbean na Carnival wote wawili, ikifika saa nne usiku, klabu ya bure inakwisha na huduma ya kulipia kwa saa inaanza, na saa hizo watoto husinzia kwenye magodoro. Disney wao huendelea bila malipo hadi saa sita. Kama bado anavaa nepi ya kulalia, mchukueni kabla ya saa nne. Akijikojolea huenda mkaitwa mkambadilishe, na mtoto wa miaka minne aliyeaibika mbele ya wenzake kesho yake hataki kurudi.

Jambo moja wazazi huligundua wakiwa tayari wamemvalisha mtoto nguo ya kuogelea: mwenye nepi haruhusiwi kuingia bwawani, hata iwe ile nepi ya majini. Anaruhusiwa tu sehemu ya kuchezea maji iliyotengwa kwa ajili ya wachanga, na si kila meli inayo. Ulizeni kabla, maana katika zile picha zote za mumeo, mdogo wenu hana mtelezo hata mmoja.

Mkubwa ndiye ninayemwaza zaidi, pengine kuliko wewe. Mtoto wa miaka tisa hadi kumi na moja makampuni humpa ruhusa ya kutia saini mwenyewe na kutoka klabuni, mzazi akikubali. Kataa. Wataniambia mtoto wa kiume lazima afundishwe kujitegemea. Ajitegemee sokoni Houston mkiwa nyuma yake. Meli ni mji wa maelfu ya watu wasiojuana, kuna pombe kila kona, kuna korido ndefu na lifti na vyumba vinavyofungwa kwa ndani. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa abiria wa meli za kitalii, na tangu hapo makosa makubwa yanayotokea humo huripotiwa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, na idadi zake kutangazwa, na udhalilishaji wa kijinsia umo. Ukilinganisha, klabuni ni salama kuliko koridoni, kwa sababu klabuni kuna saini na kamera na macho mengi, koridoni hakuna anayemhesabu mtoto wako. Zungumza naye kabla hamjaondoka nyumbani, na mazungumzo hayo afanye baba yake, kwa maneno ya kawaida ya nyumbani: hakuna mtu mzima anayekuita chumbani kwake, awe mhudumu, awe abiria, awe mwenye peremende, ukiitwa, unaondoka na unatuambia, na hatutakugombeza.

Na yeyote asikudanganye kumwacha mtoto amelala chumbani peke yake mkampigia jicho kwa kamera ya simu. Nimewasikia wazazi wakipeana mbinu hiyo. Meli ni chuma juu ya chuma, mtandao hukatika ghafla, na lifti ikiwa na watu mtachukua dakika kumi kufika.

Hofu yako ya bahari sitaiita ujinga. Aliyepita mtaani matanga yakiwa kila nyumba ana haki ya kuogopa. Yaliyotokea Nungwi yalikuwa na sababu: chombo kilibeba watu kupita uwezo wake, na wengine hawakuwa hata kwenye orodha. Kwenye meli hizi kila anayepanda hupigwa kadi mlangoni, mtoto mchanga naye, na meli haing'oi nanga bila kujua ina watu wangapi. Mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unataka mazoezi ya dharura yafanyike kabla ya kuondoka au mara tu baada yake, na unataka kila mtoto awe na jaketi la kuokolea la kimo chake, na katika safari inayozidi saa 24 kila mchanga awe na lake. La mdogo wako liombe siku ya kwanza, ulijaribu, likae chumbani mahali unapolijua.

Mtoto wa klabuni huvalishwa bangili yenye namba ya kituo chake cha kukusanyikia. Sasa sikiliza vizuri. Siku ya kuandikisha, muulize msimamizi swali moja: "Kengele ikilia, mnampeleka wapi mwanangu?" Kuna wanaowapeleka watoto kituo cha wazazi wao, kuna wanaowakusanya pamoja mzazi awafuate mahali palipotajwa. Ukilijua jibu, hutapigana na umati ukishuka ngazi huku watu wote wanapanda. Ishara yenyewe ni milio saba mifupi au zaidi, kisha mmoja mrefu. Wafundishe wakubwa wako nyumbani waipige mdomoni. Hofu iliyopewa kazi ya kufanya hupungua, nimeiona kwangu mwenyewe.

Chumba chukueni cha ndani, au chenye dirisha lisilofunguka. Baraza ya nje ni tamu kwa watu wazima. Sheria ile ya 2010 inataka ukingo wa inchi 42, kama sentimita 107, na ukingo huo unatosha mpaka siku mtoto atakapovuta kiti.

Tuje kwa mama mkwe.

Mumeo hana ubaya, anadhani amepata njia ya kumfurahisha mama na kukufurahisha wewe kwa tiketi moja. Lakini jembe la methali ile ni la mgeni anayekula chakula cha wenyeji, si la mama aliyevuka nusu ya dunia kuwaona wajukuu. Mtu mzima kufungiwa chumba kisicho na dirisha kila jioni na mtoto anayelilia mama yake, huku nje anasikia ngoma na vicheko, atarudi Mombasa na hadithi gani? Tena hatalalamika. Kina mama wa pwani hawalalamiki kwa wakwe, wananyamaza, na kimya hicho utakibeba wewe, si mwanawe.

Usimwambie mumeo "sitaki mama aje." Mwambie: "Nataka mama aje kama mgeni wetu, awe na kiti chake mezani jioni zote, na mdogo awe klabuni na dada yake." Hapo ndipo kusubiri Novemba kunapokusaidia, maana kunaondoa ile sababu ya kumhitaji mama chumbani. Akijitolea mwenyewe usiku mmoja, akasema nendeni wanangu, nitabaki na huyu, pokeeni kwa shukrani na rudini mapema. Nauli yake ilipiwe hata kama hatamshika mtoto dakika moja. Kama hamwezi kuilipa kwa sharti hilo, basi asipelekwe. Viza yake pia iangalieni kabla ya tiketi: meli ikigusa Meksiko ametoka Marekani, na lazima viza imruhusu kuingia tena.

Kuhusu kina mama wa madrasa. Wewe kila usiku unawaacha wanao ukaenda kuwageuza wagonjwa wa watu wengine kitandani, na hakuna aliyekuuliza ni mama gani. Mtoto wa jirani Unguja alilelewa na mtaa mzima, na wenye mtaa huo walikuwa wageni kwake mpaka walipozoeana. Kumkabidhi mtoto kwa mtu uliyemhoji, mahali ulipopakagua, kwa saa mbili au tatu, si kumtupa. Lakini wale waliomwambia mumeo kwamba unawapeleka asubuhi unawachukua usiku, usiwafuate. Mimi nilisafiri na wajukuu wawili kutoka Florida. Mdogo siku ya kwanza alikaa dakika ishirini tukaitwa, amelia hadi kupaliwa. Siku ya pili saa nzima. Siku ya tatu ndiyo akatupungia mkono bila kugeuka. Siku ya nne akatapika, na mtoto aliyetapika klabu haimpokei, sharti akae chumbani mpaka apone, kwa sababu ugonjwa wa tumbo melini husambaa kama moto wa makuti. Nilikasirika siku ile. Leo naona walikuwa sahihi, na fomu ya afya nawaomba muijaze kwa ukweli hata ikiwagharimu siku.

Kwa hiyo pangeni saa mbili za klabu asubuhi, mchana wote mkiwa pamoja, na saa mbili au tatu za jioni. Mkiwa bandarini, hata kama klabu iko wazi, mimi nisingeshuka nikamwacha wa miaka miwili melini huku niko nchi nyingine.

Mumeo akikataa Novemba kabisa, Agosti ikawa ni Agosti, basi Royal Caribbean, meli yenye nasari. Hakikisheni kwa maandishi kwamba meli hiyo inayo, na mhifadhi mapema saa za nasari za jioni mbili au tatu. Lakini jaribu kwanza Novemba. Mwekee mezani hesabu ya saa za nasari kwa siku saba, na pembeni yake tarehe ya kuzaliwa kwa mwanawe.

Na kabla ya yote mpigie mama mkwe simu wewe mwenyewe, usimtume mumeo. Msalimie, mzungumze ya nyumbani, halafu muulize kama anapenda kusafiri baharini. Naona katika barua yako yote hakuna aliyemuuliza.

Shangazi